Lorenz Hart na Kisa cha Wanaofanana

Mimi nina pacha, na shida zake nazijua. Nikiwa shule ya msingi nilifagia darasa wiki nzima kwa kosa la ndugu yangu, na kila nilipojitetea nikaambiwa najifanya mjanja. Basi niliposoma maisha ya Lorenz Hart, nikasema huyu bwana lazima niwaandikie.

Hart alizaliwa mjini New York, Marekani, tarehe 2 Mei 1895. Alikuwa mtu mfupi kweli kweli, futi tano hivi, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Lakini kwa kupanga vina, lo! Wapinzani wake walikuwa wachache. Mwaka wa 1919 alikutanishwa na Richard Rodgers, kijana wa miaka 16 tu aliyejua kutunga muziki. Hart alikuwa na miaka 23. Tangu hapo mmoja akatunga muziki, mwingine maneno, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Hart alikuwa na mdogo wake, Teddy, mwigizaji, naye mfupi vilevile. Huyu Teddy alifanana mno na mchekeshaji mmoja aitwaye Jimmy Savo, hata watu wakawa wanawachanganya kila mara. Mwingine angekasirika. Hart akaona hiyo ni mali! Yeye na Rodgers wakaichukua tamthilia ya Shakespeare, The Comedy of Errors, yenye jozi mbili za mapacha: mabwana wawili na watumishi wao wawili. Bwana mmoja anafika mji wa Efeso na mtumishi wake, asijue kwamba pacha wake anaishi papo hapo. Mke wa mwenyeji anamvuta mgeni nyumbani akidhani ni mumewe, na mume mwenyewe anapiga hodi, anafungiwa nje ya mlango wake! (Hapo nilicheka maktabani mpaka nikatolewa.) George Abbott aliandika mazungumzo upya, wale wawili wakatia nyimbo, na Teddy na Savo wakapewa nafasi za watumishi. Mchezo huo, The Boys from Syracuse, ulifunguliwa New York tarehe 23 Novemba 1938, ukachezwa mara 235.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Hart alikuwa mlevi. Alikuwa akitoweka, Rodgers anamsubiri na kazi imelala. Mwishowe Rodgers alichoka, akashirikiana na Oscar Hammerstein, na mnamo Machi 1943 wakafungua mchezo wa Oklahoma! uliotikisa Marekani nzima. Hart mwenyewe alikwenda kuutazama, akapiga makofi. Hebu fikiria, umekaa gizani unamshangilia aliyechukua nafasi yako. Mimi nisingeweza, nasema ukweli.

Mwezi uliofuata mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akafariki. Rodgers hakumtupa. Alimwita warudie pamoja mchezo wao wa zamani, A Connecticut Yankee, na Hart akautungia nyimbo mpya. Ulifunguliwa tarehe 17 Novemba. Usiku huo Hart alikuja amelewa. Siku chache baadaye alikuwa hospitalini na nimonia, na tarehe 22 Novemba 1943 akaaga dunia, akiwa na miaka 48. Kesho yake ingetimia miaka mitano kamili tangu Teddy na Savo walipopanda jukwaani kama mapacha.