Charles Byrne, mrefu aliyenyimwa kaburi

Wadau, leo nawaletea kisa cha jamaa mmoja aitwaye Charles Byrne. Kila nikikikumbuka roho inaniuma.

Byrne alizaliwa mwaka 1761 kaskazini mwa Ireland. Akarefuka, akarefuka, hadi akafika kama sentimita 231. Kumbe shida ilikuwa kwenye tezi ya pituitari. Hii ni tezi ndogo kama punje ya njegere, ipo chini ya ubongo. Pamoja na udogo wake, ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji, na ndiyo inayoamrisha ovari, korodani na ile tezi ya shingoni inayosimamia mwili unavyotumia chakula. Ya Byrne iliota uvimbe, ikamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi wakati miisho ya mifupa bado haijafunga. Uvimbe wa namna hiyo ukibana tezi, hata kubalehe kunaweza kuchelewa, na mifupa inazidi kupata muda wa kurefuka.

Mwaka 1782 akaenda London, watu wakawa wanalipa kiingilio ili wamwone. Jina akapata, afya hana. Alifariki Juni 1783, miaka 22 tu!

Sasa sikieni. Alijua madaktari wanaupigia hesabu mwili wake, akaomba azikwe baharini wasimpate. Wapi! Daktari wa upasuaji John Hunter, inaaminika kwa kuhonga, aliupata mwili, akauchemsha ikabaki mifupa, na baadaye akaiweka kwenye makumbusho yake.

Mwaka 1909 daktari Harvey Cushing wa Marekani alichunguza fuvu, akakuta kishimo inamokaa pituitari kimepanuka. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kwamba wamepima vinasaba kutoka kwenye meno yake na kukuta hitilafu katika jeni ya AIP, ileile waliyonayo baadhi ya wagonjwa wa Ireland Kaskazini. Hapo sibishi, faida ipo: ndugu wa wagonjwa hao wanaweza kupimwa mapema, wakatibiwa kabla mambo hayajaharibika.

Lakini jibu si limeshapatikana? Makumbusho ya Hunterian yalipofunguliwa tena mwaka 2023, mifupa iliondolewa kwenye maonyesho, ila ikabaki imehifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya haki. Maiti hana mdomo, sawa, ila huyu alisema akiwa hai.

Wewe mdau unasemaje, apelekwe baharini au aendelee kubaki stoo?