Röntgen na Vivuli vya Ndani ya Mwili

Washa taa usiku, kisha weka mkono wako kati ya taa na ukuta. Utaona kivuli cha mkono ukutani. Usogeze mkono karibu na taa, kivuli kitakua. Urudishe karibu na ukuta, kivuli kitapungua. Lakini mkono ni ule ule! Likumbuke jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Kivuli hicho hakionyeshi mifupa, kwa kuwa mwanga wa taa hauwezi kupenya mwili wako na kuichora mifupa ukutani. Mtu aliyegundua mionzi ipenyayo nyama alikuwa Wilhelm Conrad Röntgen.

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji wa Lennep, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, wazazi wake walihamia Uholanzi, naye akasoma huko. Katika shule yake mjini Utrecht, mwanafunzi fulani alichora picha ya kumdhihaki mwalimu. Röntgen alidhaniwa kuwa ndiye mchoraji, akafukuzwa shule. Kwa kukosa cheti, alikwenda Zurich, nchini Uswisi, mwaka 1865, katika chuo ambacho hakikudai cheti hicho. Baadaye alikuwa mwalimu wa fizikia katika vyuo vikuu kadhaa. Mwaka 1872 alimwoa Anna Bertha Ludwig.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, Röntgen alikuwa peke yake katika maabara yake mjini Würzburg. Alikuwa akipitisha umeme katika bomba la kioo lililotolewa karibu hewa yote. Bomba alilifunika kwa kadibodi nyeusi, hata mwanga usiweze kutoka. Hata hivyo, kiwambo kilichopakwa dawa maalumu, kilichokuwa mbali kidogo na bomba, kiling'aa gizani. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimepenya kadibodi.

Mtu mwingine angalikimbia kuwaeleza rafiki zake. Röntgen alinyamaza. Kwa muda wa majuma saba alijaribu na kujaribu tena, akila na hata kulala maabarani. Aligundua kwamba mionzi hiyo hupita kwa urahisi katika karatasi, mbao na nyama, lakini huzuiwa na mifupa na zaidi na risasi. Tarehe 22 Desemba alimwomba mkewe aweke mkono juu ya bamba la picha. Picha ilipotokea, ilionyesha mifupa ya vidole, na pete ikiwa kama duara jeusi. Kwa kuwa hakujua mionzi hiyo ni nini, Röntgen aliiita mionzi ya X, yaani mionzi isiyojulikana.

Habari hizo zilienea upesi mno. Katika mwaka 1896 madaktari wa nchi nyingi walikuwa wakitazama mifupa iliyovunjika bila kupasua mwili. Röntgen angaliweza kutajirika, lakini alikataa kujiwekea haki ya peke yake juu ya ugunduzi huo. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ambayo ilikuwa ya kwanza kabisa kutolewa. Fedha zake aliziachia chuo kikuu cha Würzburg. Alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari 1923, kwa saratani ya utumbo.

Baada ya kifo chake, madaktari waliendelea kujifunza kusoma vivuli hivyo. Katika mwili mna tezi ndogo za limfu, ambazo husaidia kupigana na magonjwa. Pengine saratani huziingia tezi hizo. Ugonjwa huo huitwa limfoma. Aina moja yake hupewa jina la Hodgkin, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1832. Mara nyingi hutokea uvimbe kifuani, kati ya mapafu mawili, na katika picha ya eksirei uvimbe huo huonekana kama kivuli kipana.

Je, mgonjwa atapona kwa tiba moja, au anahitaji zaidi? Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari walijaribu kupata jibu kwa rula. Lakini kupima sentimeta za uvimbe peke yake hakutoshi, kwa maana, kama ulivyoona kwa mkono wako, ukubwa wa kivuli hubadilika. Basi walilinganisha upana wa uvimbe na upana wa kifua katika picha ile ile, kwani vivuli vyote viwili hukua pamoja. Waliona kwamba uvimbe ukizidi theluthi moja ya kifua, ugonjwa ulirudi mara nyingi zaidi kwa wale waliotibiwa kwa mionzi tu. Wagonjwa hao wakaanza kupewa dawa pamoja na mionzi. Kipimo hicho hakimwambii mgonjwa mmoja kwa hakika yatakayompata. Humwonyesha daktari nani yumo katika hatari kubwa zaidi.

Siku hizi ziko mashine nyingine. Mojawapo huonyesha jinsi uvimbe unavyotumia sukari, na daktari hulinganisha mng'ao wake na ule wa ini, baada ya tiba chache tu, ili aone kama dawa inafanya kazi.

Sasa pima mwenyewe. Katika picha moja kifua kina upana wa sentimeta 27, na uvimbe una sentimeta 8. Katika picha ya pili kifua kina sentimeta 24, na uvimbe una sentimeta 9. Ni uvimbe upi uliozidi theluthi moja?