Ernst Abbe: Mtoto wa kibarua aliyeijenga upya darubini

Wanyama wengi wa porini hutoka wakati mwanga ni hafifu: alfajiri kabla jua halijachomoza, na jioni giza linapoanza kuingia. Huo ndio wakati ambao mwindaji, askari wa wanyamapori na muongoza watalii huihitaji darubini kuliko saa nyingine yoyote. Ndio pia wakati ambao darubini dhaifu humwangusha mwenyewe: anaona kivuli, lakini hajui ni mnyama gani. Leo tunayaangalia maisha ya Mjerumani Ernst Abbe, ambaye kazi yake imo ndani ya karibu kila darubini nzuri inayouzwa dukani.

Abbe alizaliwa Januari 23, 1840 katika mji wa Eisenach. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi, na alisimama kazini saa 14 hadi 16 kwa siku. Mtoto Ernst ndiye aliyempelekea chakula cha mchana, na baba alikila akiwa amesimama kando ya mashine. Mambo hayo hayakumtoka Abbe moyoni hadi uzeeni.

Familia haikuwa na uwezo wa kumsomesha, lakini alikuwa hodari darasani na mwajiri wa baba yake alisaidia kulipia masomo. Alisoma hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Jena, kisha Göttingen, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1861. Miaka miwili baadaye alikuwa mhadhiri mjini Jena.

Mjini humo alikuwapo fundi aitwaye Carl Zeiss, mwenye karakana ya kutengeneza hadubini tangu mwaka 1846. Wakati huo mafundi walitengeneza lenzi kwa kubahatisha: wanasugua, wanajaribu, wanatupa, wanaanza tena. Mwaka 1866 Zeiss alimwomba Abbe atafute njia ya kuzitengeneza kwa hesabu. Mwaka 1873 Abbe alichapisha nadharia yake inayoeleza kwa nini hadubini yoyote ina kikomo cha udogo wa vitu inavyoweza kuonesha. Hadubini za Zeiss zikasifika duniani, na ndizo alizotumia daktari Robert Koch alipogundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa kioo chenyewe. Abbe alishirikiana na mkemia Otto Schott, na mwaka 1884 wakafungua pamoja na Zeiss kiwanda cha kioo mjini Jena. Hapo kilipatikana kioo safi, kinachopitisha mwanga bila kuupoteza ovyo.

Kioo hicho ndicho kilichoiwezesha darubini mpya. Darubini za mkononi za zamani zilikuwa na ukuzaji mdogo na zilionesha eneo finyu. Mwitaliano Ignazio Porro alikuwa amebuni mapema, katika miaka ya 1850, njia ya kuukunja mwanga kwa prizimu, yaani vipande vya kioo vyenye pembe, ili darubini iwe fupi na picha isionekane juu chini. Lakini kwa kioo cha enzi zake, matokeo hayakuwa mazuri. Abbe alilifikia wazo hilohilo kwa njia yake, na alipoomba hataza ndipo ilipobainika kuwa Porro alimtangulia. Alichopewa yeye ni haki ya jambo jingine: kuzitenganisha lenzi za mbele zaidi ya nafasi iliyopo kati ya macho yetu, ili umbali wa vitu uonekane wazi zaidi. Mwaka 1894 darubini hizo zikaingia sokoni.

Hata hivyo, lenzi zake za mbele zilikuwa ndogo. Moja ilikuwa ya 8x20: inakuza mara 8, na lenzi ina upana wa milimita 20. Gawanya 20 kwa 8, unapata milimita 2.5. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. Mchana unatosha, kwa sababu mboni ya jicho huwa imejibana. Gizani mboni ya kijana hufunguka hadi kama milimita 7, na ya mtu mzima hupungua kadiri umri unavyokwenda. Ndiyo maana darubini ya 8x42, inayotoa zaidi ya milimita 5, au ya 7x50, inayotoa takriban 7, hufaa jioni kuliko ile ndogo ya 10x25. Kukuza sana peke yake hakusaidii.

Uangalie pia utando mwembamba juu ya lenzi, unaozuia mwanga usirudi nje. Huo ulibuniwa na mwanafizikia Alexander Smakula katika kampuni hiyohiyo mwaka 1935, miaka 30 baada ya Abbe.

Turudi kwa Abbe mwenyewe. Zeiss alifariki mwaka 1888, na Abbe, aliyekuwa mshirika wake, angeweza kuishi kitajiri. Badala yake, mwaka 1889 alianzisha wakfu, akaupa jina la Carl Zeiss na si lake. Mwaka 1891 aliukabidhi hisa zake, akabaki meneja wa kulipwa mshahara. Kanuni za mwaka 1896 ziliwapa wafanyakazi likizo yenye malipo na pensheni, na zikaweka kikomo: mshahara wa kiongozi usizidi mara kumi ya kipato cha wastani cha wafanyakazi.

Mwaka 1900 akapunguza siku ya kazi kutoka saa tisa hadi nane bila kupunguza malipo. Hesabu zilipofanywa, kazi haikupungua, bali iliongezeka kidogo. Mtoto aliyemwona baba yake akila wima alikuwa amewapa mafundi wake muda wa kukaa mezani.

Abbe alifariki mjini Jena Januari 14, 1905. Basi ukiwa dukani, usivutwe na namba kubwa ya ukuzaji. Gawanya upana wa lenzi kwa ukuzaji, na ukiweza, ijaribu darubini hiyo jua likishazama.