Kawawa na Jasho la Mfanyakazi

Marehemu Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 wilayani Songea. Alisoma Tabora, akawa karani wa serikali, na mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika. Mwaka 1962, akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa sheria ya kiinua mgongo. Mwaka huo huo migomo nayo ikabanwa kwa sheria. Mfanyakazi alipunguziwa silaha, akaachiwa ngao ya sheria. Mzee Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Ngao hiyo haifai kutoboka. Akiba ya wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964 ndiyo leo NSSF, na mchango wake ni asilimia 20 ya mshahara. Mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Fidia ya kuumia kazini, kwa sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri peke yake. Mwajiri wa Bukoba au Muleba, awe na kiwanda mjini au mitumbwi Bumbire na Goziba, akimkata mtu fungu lake asilipeleke, amekula jasho lake. Twawataka maofisa wa kazi wavuke maji wakague, ili aliyeajiriwa visiwani asizeeke mikono mitupu.