Karamojo Bell: Hakuhitaji mkwaju, alihitaji shabaha

Kuna mastraika wanaochana nyavu, na kuna wale wanaouweka mpira pembeni tu, kipa anabaki anashangaa. Walter Bell, Mskochi aliyezaliwa 1880, alikuwa wa kundi la pili. Tofauti ni kwamba kipa wake alikuwa tembo, na ukikosa pale hakuna kona. Unakanyagwa.

Bell alifiwa na wazazi akiwa mdogo. Kabla ya kutimiza miaka 20 alishatua Mombasa, akapata kibarua cha kuwinda simba waliowasumbua wajenzi wa reli ya Uganda. Bunduki yake ilikuwa .303 ya kujaza risasi moja moja, na jua la huku likampa somo la kwanza: risasi ikipata joto, baruti inasukuma kwa nguvu zaidi, ganda linatanuka na kung'ang'ania ndani ya bunduki. Simba yuko mbele, wewe unahangaika kuchomoa ganda. Aisee!

Akaenda Klondike kusaka dhahabu, akapigana Vita ya Makaburu, kisha akarudi na kuingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Jina la Karamojo likatoka huko.

Wawindaji wengi wa tembo walibeba bunduki za .577 na .600, risasi moja gramu 50 hivi, teke lake begani usiseme. Bell akapendelea Rigby ya .275, ndiyo ile Mauser ya milimita 7, risasi ya gramu 11 na ushee. Kwa macho ya wengi ni kama kuingia uwanjani na ndala.

Ila jamaa alikuwa amesoma mchezo. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukiutazama kwa mbele, kwa ubavu, hata kwa nyuma kimshazari. Akachagua risasi ndefu, butu, iliyovikwa chuma, isiyopinda njiani.

Halafu likaja suala la kuaminika. Aliwahi kutumia .256 na .318, lakini risasi alizozipata zilimwangusha: unafyatua, kimya. Za Kijerumani za milimita 7 hazikumfanyia mchezo huo, basi akabaki nazo.

Walenga shabaha wa mashindano wa leo wanaumizwa kichwa na jambo hilo hilo, ndiyo maana wengi hujaza risasi zao wenyewe kwa mkono. Baruti inapimwa kwenye mizani, fataki ni za aina moja, kichwa kinazamishwa kina kile kile kwenye kila ganda. Kwa umbali wa mita 900, tofauti ndogo ya kasi inatosha kukutoa katikati ya shabaha. Na ukirekebisha bunduki yako Moshi mjini kwenye joto la Januari, usitegemee ipige pale pale ukipanda Marangu: baridi inapunguza nguvu ya baruti, hewa nyepesi nayo inaipa risasi njia.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomleta Bell Tanganyika, safari hii akiwa rubani wa ndege za upelelezi. Inasimuliwa kwamba alimwacha mwangalizi chini ili afyatue mwenyewe akiwa angani. Machi 1916 majeshi ya Smuts yaliingia Moshi, Juni Bell akapewa nishani ya Military Cross. Upande wa pili, askari wengi wa Lettow-Vorbeck walikuwa wameianza vita hiyo na bunduki za muundo wa 1871, zenye baruti nyeusi. Fyatua mara moja tu, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipojificha. Nani atashinda mechi namna hiyo?

Hesabu ya Bell ilifika tembo 1,011, kama 800 kati yao kwa ile ya milimita 7. Siyo magoli ya kushangilia. Pembe ziliuzwa, na leo angekuwa anahesabu miaka gerezani.

Uzeeni alirudi Uskochi, akashindana kwa mashua za matanga na mkewe Kate, akawinda paa wa milimani. Risasi zake zikazidi kupungua: akahamia .220 Swift, kitu cha gramu 3 tu kinachozidi mita 1,200 kwa sekunde. Alifariki 1954, akiwa na miaka 73.