Kwa Nasibu, Njiani

Soma Ruthu 2:1–12, Luka 10:30–37.

Wengi wetu hupita Mtaa wa Livingstone pale Kariakoo tukiwahi shughuli, wala hatumkumbuki mtu ambaye mtaa huo unaitwa kwa jina lake. David Livingstone alikuwa daktari na mmisionari kutoka Scotland. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akitafuta chanzo cha mto Nile. Watu aliotumiwa kutoka pwani walikataa kuendelea na safari. Kisha, Julai 15, wafanyabiashara ya watumwa waliwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni. Wengi walikufa, hasa wanawake. Livingstone alivunjika moyo, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa. Huko alikuta bidhaa alizozitegemea zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza.

Wakati huo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alikuwa akimtafuta. Vita vya Mirambo vilimfungia njia Tabora, ikambidi azungukie kusini. Kama asingecheleweshwa, huenda angefika Ujiji wakati Livingstone bado yuko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Badala yake alifika siku chache tu baada yake, akiwa na chakula, dawa na vitambaa. Katika shajara yake Livingstone alijifananisha na yule mtu aliyeangukia kati ya wanyang'anyi, asijue kwamba Msamaria yu karibu.

Je, Mungu ndiye aliyepanga mauaji ya Nyangwe ili wawili hao wakutane? Hasha! Mwuaji ni yule adui. Tunachokiri ni kwamba hata katika njia iliyoharibiwa na dhambi, Mungu hakumwacha mtumishi wake.

Tena, msaada ule haukuthibitisha mawazo yote ya Livingstone. Alikataa kurudi kwao, akaendelea kutafuta chanzo cha Nile hadi alipofariki Mei 1, 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kumbe maji ya Lualaba huenda mto Kongo. Mungu anapotuokoa, hatuwekei muhuri kila mpango wetu.

Sasa tazama mfano wa Yesu. Aliyeshuka njia ile kwa nasibu ni kuhani, naye akapita kando. Nasibu ilimfikisha kwa mhitaji, lakini haikumpa huruma. Ruthu naye alifika shamba la Boazi bila kujua ni la nani. Baraka ilionekana pale Boazi alipomtendea mema.

Juma hili, katika msongamano wa daladala au wa sokoni, huenda ukakutana na mtu uliyemuota jana, au rafiki mliyepoteana miaka mingi. Usiharakishe kutafuta ishara. Kwanza muulize hali yake.

Swali la kujadili: Ni nani uliyekutana naye juma lililopita bila kutarajia? Ulisimama, au ulipita kando?