Johan Vaaler, Mnorwe anayesifiwa kwa tromboni ambayo hakuitengeneza

Katika biro nyingi za mashariki mwa Kongo, dosie haitoki meza moja kwenda nyingine bila tromboni, kale kawaya kadogo kanakoshika karatasi zisitawanyike. Jina hilo limetoka kwa Wafaransa, walioona kwamba umbo lake linafanana na ala ya muziki ya kupuliza yenye jina hilohilo. Wanorwe wao wanakaita binders. Na kwao, kwa muda mrefu, kitu hiki kimekuwa na baba anayejulikana kwa jina: Johan Vaaler, karani wa biro moja ya Kristiania, aliyefariki mwaka wa 1910. Amejengewa sanamu, ametolewa stempu ya posta, na ameingizwa katika vitabu vikubwa vya elimu vya nchi yake.

Tatizo ni moja tu. Tromboni iliyo kwenye sanamu na kwenye stempu hiyo si ile aliyoitengeneza Vaaler.

Johan Vaaler alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tatu mwaka wa 1866, huko Aurskog, eneo la mashambani upande wa mashariki wa mji mkuu. Wakati huo Norwe haikuwa nchi huru kabisa. Ilikuwa chini ya mfalme mmoja pamoja na Uswidi, na muungano huo ulivunjika mwaka wa 1905 tu. Mji mkuu nao uliitwa Kristiania. Jina la Oslo lilirudishwa mwaka wa 1925. Tangu ujana wake Vaaler alijulikana kuwa mtu mwenye kichwa cha ufundi, akasoma sayansi na hesabu.

Mwaka wa 1892 akaajiriwa katika biro ya Bryn, mjini Kristiania. Kazi ya biro hiyo ilikuwa kuwasaidia wavumbuzi kupata hati ya uvumbuzi, yaani ile karatasi ya serikali inayosema kwamba kitu fulani kimebuniwa na mtu fulani, na kwamba mwingine haruhusiwi kukitengeneza au kukiuza bila ruhusa yake. Watu walikuwa wanaleta michoro ya mashine na vifaa vyao, makarani wanaandika maombi kwa lugha ya kisheria, kisha wanayatuma kwa serikali husika, ya Norwe ama ya nchi za nje. Vaaler alianza kama karani na baadaye akapanda kuwa msimamizi wa biro. Kwa hiyo mtu huyu alishinda kila siku katikati ya uvumbuzi wa watu wengine, na katikati ya marundo ya karatasi zao.

Mwisho wa karne ya 19, marundo hayo yalikuwa yanaongezeka duniani kote. Kampuni zilikuwa kubwa, serikali zilikuwa zinaandika zaidi, na mashine ya kuandika ilikuwa imeingia kazini. Lakini njia za kushikanisha karatasi zilikuwa bado zile za zamani. Wengine walitoboa matundu na kupitisha utepe, kisha wakaufunga kwa nta. Wengi walitumia pini, sawa na zile za mshonaji. Pini ilitoboa karatasi, ilichoma vidole, na ikikaa muda mrefu ilishika kutu na kuacha alama nyekundu kwenye hati.

Kilichobadilisha mambo ni waya wa chuma cha pua laini, wenye bei nafuu, ambao ukikunjwa kidogo unataka kurudi mahali pake. Nguvu hiyo ya kurudi ndiyo inayobana karatasi bila kuzitoboa. Mmarekani Samuel Fay alipata hati ya uvumbuzi mapema, mwaka wa 1867, kwa waya uliokunjwa wa kushikiza tiketi kwenye kitambaa, ambao pia ungeweza kushika karatasi. Baada yake wakafuata wengine wengi, kila mmoja na mkunjo wake: wa pembetatu, wa mviringo, wenye masikio, wenye ncha mbili. Ilikuwa kama mashindano ya kukunja waya.

Vaaler akaingia katika mashindano hayo mwaka wa 1899. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo aliomba hati huko Ujerumani, na mwanzoni mwa mwaka wa 1901 akaomba pia Marekani. Marekani ilimpa hati yenye namba 675,761 mwezi wa sita mwaka wa 1901. Michoro yake ipo hadi leo na mtu yeyote anaweza kuitazama. Inaonyesha waya uliokunjwa mara moja kuwa mstatili au pembetatu, na ncha zake mbili zikilala kando kwa kando kama ndimi, kila moja ikielekea upande wake. Karatasi zinaingizwa kati ya ndimi hizo.

Kilibana, ndiyo. Lakini kulikuwa na kasoro. Tromboni ya kawaida ina mkunjo mmoja zaidi: waya unazunguka nje, unarudi ndani, kisha unazunguka tena, hadi kunakuwa na ulimi mdogo ndani ya ulimi mkubwa. Ulimi mmoja unakaa mbele ya karatasi, mwingine nyuma, na vyote viwili vina kichwa cha mviringo kinachoteleza. Kwa Vaaler, mkunjo huo wa mwisho haupo. Mtu anapaswa kuzifungua ncha za waya ili karatasi ziingie, na ncha hizo zinaweza kukwaruza.

Na ule mkunjo wa ziada tayari ulikuwa sokoni. Tromboni ya mikunjo miwili inaitwa Gem, na jina hilo linahusishwa na kampuni ya Uingereza. Katika miaka ya 1890 ilikuwa inauzwa Marekani, ambako kampuni ya Cushman & Denison iliandikisha jina hilo mwaka wa 1904 ikisema imelitumia tangu mwaka wa 1892. Kuna ushahidi ulio wazi zaidi. Mwezi wa nne mwaka wa 1899, William Middlebrook, wa mji wa Waterbury katika jimbo la Connecticut, aliomba hati ya mashine ya kukunja tromboni kwa wingi. Kwenye mchoro wake, kile kinachotoka katika mashine ni Gem kamili, sawa na zinazouzwa leo. Hati ya Middlebrook ilitolewa mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1899, mwezi uleule Vaaler alipopeleka ombi lake Ujerumani. Yaani wakati karani wa Kristiania alikuwa anaeleza wazo lake, Marekani kulikuwa tayari na mashine ya kutoa kitu bora kuliko hicho.

Ni rahisi kumcheka, mtu wa biro ya uvumbuzi asiyejua kwamba kitu kimekwisha kubuniwa. Lakini kuna jambo la kumtetea. Gem yenyewe haikuwahi kupewa hati ya uvumbuzi. Kilichopewa hati ni mashine. Mtu anayetafuta katika daftari za serikali hangeiona humo hata angetafuta mwaka mzima. Na serikali mbili, ya Ujerumani na ya Marekani, ziliona kwamba kazi ya Vaaler ni tofauti vya kutosha, zikampa karatasi zake. Hakumwibia mtu wazo. Alifika amechelewa tu, na alichokileta hakikuwa na ule mkunjo wa mwisho.

Hakuna kiwanda kilichotengeneza tromboni yake kwa ajili ya soko. Hati zake ziliisha nguvu kimyakimya. Vaaler aliendelea na kazi yake ya biro mjini Kristiania, akafariki tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka wa 1910, siku moja kabla ya kutimiza miaka 44. Hakuwa tajiri kwa ajili ya tromboni, na hakuwa na jina kwa ajili yake pia. Jina lilikuja nyuma ya kaburi.

Lilianzia kwa kosa dogo. Katika miaka ya 1920, Mnorwe mmoja mtaalamu wa mambo ya uvumbuzi alikwenda Ujerumani kwa kazi, akakuta kwenye daftari za huko hati ya mwananchi mwenzake kuhusu kifaa cha kushikanisha karatasi. Akaandika katika ripoti kwamba kumbe tromboni ilibuniwa na Mnorwe. Hakutofautisha umbo la kwenye hati na lile la mezani kwake. Ripoti hiyo ingeweza kulala kabatini milele kama isingetokea vita.

Tarehe 9 mwezi wa nne mwaka wa 1940, jeshi la Ujerumani liliivamia Norwe. Mfalme Haakon wa 7 alikataa kukubali serikali ambayo Wajerumani walitaka kuisimamisha, na mwezi wa sita akakimbilia London pamoja na mawaziri wake. Nyumbani, watu wakaanza kuvaa alama zenye herufi H na namba 7 ili kuonyesha kwamba mfalme wao ni yuleyule. Wavamizi wakazipiga marufuku.

Hapo ndipo tromboni ikapata kazi mpya. Tangu mwisho wa mwaka wa 1940, wanafunzi wa chuo kikuu cha Oslo walianza kuichomeka kwenye kola ya koti, wengine wakaiunganisha na nyingine kuwa mkufu au bangili. Maana yake ilieleweka bila mtu kufungua kinywa: kazi ya kitu hiki ni kushikanisha, na sisi tumeshikana. Ilikuwa alama nzuri kwa watu waliokaliwa, kwa kuwa haikuwa na picha wala maandishi, ilipatikana katika kila biro, na mwenye kuivaa angeweza kusema amesahau tu kuitoa baada ya kazi. Udhuru huo haukudumu. Wakubwa wa utawala walipogundua maana yake, kuivaa kukawa kosa, na waliokamatwa nayo waliadhibiwa. Mwezi wa pili mwaka wa 1942 hata kofia nyekundu za sufu zilipigwa marufuku, kwa sababu nazo zilikuwa zimegeuka alama ya upinzani.

Mwaka huohuo serikali ya Vidkun Quisling, Mnorwe aliyeshirikiana na wavamizi, ilitaka walimu wote waingie katika chama kimoja na kuwafundisha watoto siasa ya Wanazi. Walimu wengi sana wakaandika barua za kukataa. Zaidi ya 1,000 walikamatwa, na mamia kati yao wakapelekwa hadi Kirkenes, kaskazini kabisa, kufanya kazi ya suluba kwenye baridi kali. Mpango huo ulishindwa. Nchi ilikombolewa tarehe 8 mwezi wa tano mwaka wa 1945.

Inafaa kusema wazi kwamba waliovaa tromboni wakati wa vita hawakuivaa kwa ajili ya Johan Vaaler. Wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia jina lake. Ni baada ya vita habari mbili zilipokutana: ile ya alama ya upinzani na ile ya ripoti ya zamani. Nchi iliyotoka katika utumwa wa miaka mitano ikaambiwa kwamba kawaya walikokavaa kifuani kalibuniwa na mwananchi wao. Nani angetaka kukataa? Vitabu vya elimu vikaiandika habari hiyo, na kila mwandishi akanakili kutoka kwa mwenzake. Hata maelezo ya uongo yakaongezwa, kwamba Vaaler alikwenda Ujerumani kwa sababu Norwe haikuwa na sheria ya uvumbuzi. Sheria hiyo ilikuwapo tangu mwaka wa 1885, na yeye mwenyewe aliishi kwa mshahara uliotokana nayo.

Mwaka wa 1989, tromboni kubwa yenye urefu wa karibu mita 7 ilisimamishwa huko Sandvika, karibu na Oslo, kwenye chuo cha biashara, kwa heshima ya Vaaler. Ni Gem. Mwaka wa 1999, miaka 100 baada ya ombi lake, posta ya Norwe ilitoa stempu. Nyuma ya picha kuna hati ya Vaaler ya Ujerumani, mbele kuna tromboni nyekundu, na hiyo nayo ni Gem. Wachoraji walikuwa na mchoro wa kweli mbele ya macho yao na bado wakachora kingine.

Habari ya wakati wa vita, iliyo ya kweli, ilivuka bahari. Mwaka wa 1998, wanafunzi wa shule moja katika mji mdogo wa Whitwell, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, walikuwa wanasoma juu ya mauaji ya Wayahudi milioni 6, wakashindwa kuelewa idadi hiyo ni kubwa kiasi gani. Walipojua kwamba Wanorwe walivaa tromboni kuwapinga Wanazi, wakaamua kukusanya tromboni milioni 6, moja kwa kila mtu aliyeuawa. Zilikuja nyingi zaidi ya hizo, kutoka nchi mbalimbali. Sehemu yake imewekwa ndani ya behewa la zamani la gari la moshi la Ujerumani, kwenye uwanja wa shule.

Siku hizi watafiti wa historia ya vifaa vya ofisi wamekwisha kusahihisha mambo, na hata huko Norwe kuna waandishi wanaosema wazi kwamba Vaaler hakubuni tromboni ya Gem. Lakini bado jina lake linatajwa kila mahali bila maelezo hayo. Anayetaka kuona alichokibuni hataweza kukinunua dukani. Anaweza kuchukua tromboni ya kawaida, akanyoosha ule ulimi mdogo wa ndani na kuukata kwa koleo. Kitakachobaki mkononi kinakaribia sana mchoro wa mwaka wa 1899.